Tuwaite Nani Waliomo Ndani?

Tarehe 26 Julai 2023, mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani jijini Washington, aliketi David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi katika jeshi la anga la nchi hiyo. Alikuwa amekwishakula kiapo. Alikuwa pia amekwishadai kwamba serikali yake inaficha vyombo vya kuruka ambavyo havikuundwa na binadamu. Mbunge mmoja akamwuliza: kama vyombo hivyo vipo, miili ya marubani wake nayo ipo? Grusch hakutaja viumbe wa sayari nyingine. Alijibu kwamba baadhi ya vyombo vilipatikana pamoja na mabaki ya kibiolojia, na alipobanwa aseme ni mabaki ya nini, akasema si ya binadamu, kwa mujibu wa watu aliozungumza nao. Yeye hakuyaona kwa macho yake. Mwezi Machi mwaka uliofuata, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza mambo haya ikatoa ripoti iliyopitia kumbukumbu za serikali tangu 1945, na ikasema haikupata ushahidi wowote wa chombo kilichotoka nje ya dunia.

Jioni hii tukae kidogo na jibu lile la Grusch, hasa namna alivyoyachagua maneno yake. Si ya binadamu. Ametaja kile kisichokuwa, akanyamaza kuhusu kilichokuwa. Kuna watu waliomcheka kwa hilo. Mimi naliona ndilo jambo la busara zaidi alilolisema siku hiyo, hata kama madai yake mengine sina sababu ya kuyakubali. Kwa zaidi ya miaka sabini watu wamesimulia habari za viumbe wanaoonekana karibu na vyombo visivyojulikana, na kila kizazi kimewapa jina lake: Wazuhura, watu wadogo wa kijani, humanoidi, Wale wa Kijivu, wageni, majini. Kila jina limekuja na maelezo yake mfukoni, tayari, kabla shahidi hajamaliza kusema. Jina likishapachikwa, hakuna anayeuliza tena swali la pili.

Turudi nyuma hadi 1947. Tarehe 24 Juni, Kenneth Arnold, mfanyabiashara aliyekuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa vikimeremeta na kwenda kwa kasi kubwa. Alipowaeleza waandishi wa habari, alisema vilikuwa vikidundadunda mithili ya sahani iliyorushwa juu ya maji. Arnold alikuwa anaeleza mwendo. Mchoro aliowapa wanajeshi baadaye unaonyesha kitu kilichoviringana upande wa mbele na kuchongoka nyuma, wala si sahani. Lakini magazeti yaliidaka ile sahani, yakaifanya umbo, na ndani ya majuma machache watu wa majimbo mengi walikuwa wakiripoti kuona sahani za angani, za mviringo, kama walivyosoma.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo letu. Mwanga usiojulikana hauna abiria. Sahani inayoruka ni chombo, na chombo lazima kiwe na nahodha. Watu walipokubali neno chombo walikuwa wamekubali pia, bila kujua, kwamba kuna mtu ndani yake. Hata wachunguzi makini walioandika kwa tahadhari kuhusu "waliomo ndani" walikuwa wameshabeba dhana kubwa katika maneno hayo mawili matatu: kwamba kilichoonekana kina ndani.

Wa kwanza kupata umaarufu kwa kudai amekutana nao uso kwa uso alikuwa George Adamski wa California. Alisema tarehe 20 Novemba 1952, jangwani karibu na Desert Center, alikutana na mtu kutoka Zuhura, mwenye nywele ndefu za dhahabu na sura ya kupendeza, ambaye kwa ishara na kwa mawazo alimweleza wasiwasi wake juu ya silaha za nyuklia za wanadamu. Mwezi huohuo Marekani ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki. Kitabu cha Adamski kilitoka 1953, na baada yake wakajitokeza wengine wengi waliodai kuzungumza na watu wa Zuhura, wa Mirihi, hata wa Zohali. Halafu vyombo vya kweli vikaenda. Mariner 2 ilipita karibu na Zuhura Desemba 1962 na kupima joto kali. Venera 7 ya Umoja wa Kisovieti ilitua juu yake Desemba 1970. Ardhi ya Zuhura ina joto la zaidi ya nyuzi 450 za Selsiasi, linalotosha kuyeyusha madini ya risasi. Wazuhura wakatoweka katika masimulizi, na waliodai kukutana na viumbe wakaanza kutaja nyota za mbali ambako hakuna chombo kinachoweza kwenda kuhakiki.

Kutoweka huko kunanifundisha zaidi kuhusu jina kuliko kuhusu viumbe. Kama mtu aliona kitu jangwani, kitu hicho hakikubadilika kwa sababu Venera 7 imetua. Kilichobadilika ni lebo. Ila kwa kuwa watu waliambiwa lebo tu, lebo ilipoanguka hapakubaki kitu cha kuchunguza.

Sasa tukio la Kentucky, ambalo huwa linanigusa kila nikilisoma. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1955, katika kitongoji cha Kelly karibu na mji wa Hopkinsville, familia moja ya wakulima ilikuwa na wageni nyumbani. Mgeni mmoja alitoka kwenda kisimani kuteka maji, akarudi akisema ameona kitu chenye mwanga kikishuka ng'ambo. Hakuna aliyemjali. Baadaye kidogo wakaona kiumbe akija kuelekea nyumba: kimo cha mita moja hivi, kichwa kikubwa, masikio makubwa yaliyosimama, macho yanayowaka, mikono mirefu yenye kucha. Wanaume wakachukua bunduki wakapiga. Walisema kiumbe alibiringika, akainuka, akaenda zake, kisha akatokea tena dirishani. Hali hiyo iliendelea kwa saa kadhaa, watoto wakipiga mayowe, mpaka familia nzima ikajitosa ndani ya magari na kukimbilia kituo cha polisi. Polisi walikwenda. Walikuta matundu ya risasi. Hawakukuta kiumbe wala chombo.

Wale mashahidi walisema viumbe waling'aa kama fedha. Magazeti yakaandika watu wadogo wa kijani. Jina hilo lilikuwa limeshazagaa katika hadithi za kubuni na katuni, likawa la utani, na kwa sababu lilikuwa la utani, familia ile ikageuzwa kichekesho. Watu walijaa uani kuwatazama. Wakaitwa walevi, wakaitwa waongo wanaotafuta pesa. Yapo maelezo mazuri ya kile walichokiona: bundi wakubwa wa Amerika wenye manyoya yaliyosimama kama masikio, macho yanayoakisi mwanga wa taa, miguu myembamba, ndege wanaomvamia kwa ukali anayekaribia kiota chao. Kwa maoni yangu maelezo hayo yana uzito, hasa ukizingatia giza na hofu ya usiku ule. (Kwetu bundi akitua juu ya paa naye ana jina lake tayari, na nyumba haitalala.) Lakini tazameni ilivyochukua miaka mingi kufika kwenye bundi. Iliwezekana tu pale mtu alipoliweka kando lile neno kijani, akarudi kwenye maelezo ya asili: kimo, masikio, macho, kucha. Ushahidi ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, ila ulifunikwa na jina.

Miaka sita baadaye, usiku wa tarehe 19 Septemba 1961, mume na mke walikuwa njiani wakirudi kutoka Kanada kwenda Portsmouth, New Hampshire. Barney Hill alikuwa mfanyakazi wa posta, mtu mweusi. Betty Hill alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mzungu. Wote wawili walikuwa katika harakati za haki za raia, na ndoa kama yao katika Marekani ya mwaka ule haikuwa jambo jepesi. Milimani wakaona mwanga uliowafuata. Barney alisimamisha gari, akashuka na darubini, akasema aliona kupitia madirisha ya kile kitu watu waliovaa nguo nyeusi wakimtazama. Walifika nyumbani alfajiri, na baadaye wakagundua kuwa safari ilikuwa imechukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Betty akaanza kuota. Aliziandika ndoto zake, na katika maandishi hayo wale viumbe wana pua kubwa na nywele nyeusi. Mwaka 1964 wote wawili walikwenda kwa Dakta Benjamin Simon, tabibu wa akili wa Boston, wakalazwa katika usingizi wa hipnosi kila mmoja peke yake. Barney, akiwa katika usingizi huo, alimfananisha mmoja wao na Mwairishi mwenye nywele nyekundu, na mwingine akamwona kama Mnazi. Hebu fikirieni maneno hayo kutoka kwa mtu mweusi, njiani usiku, mwaka 1961. Tena katika kikao kimoja yakajitokeza macho makubwa yaliyozunguka hadi ubavuni mwa kichwa. Chini ya majuma mawili kabla ya kikao hicho, televisheni ya Marekani ilikuwa imeonyesha mchezo wa kubuni wenye kiumbe wa macho ya namna hiyo. Hakuna aliyethibitisha kuwa Barney aliuona. Dakta Simon mwenyewe, aliyewasikiliza kwa miezi, hakuamini kwamba walitekwa. Aliona ndoto za Betty zilikuwa zimemwingia mumewe.

Ila jina likashinda. Kitabu kuhusu mkasa wao kilitoka 1966, na tangu hapo ikawapo aina mpya ya watu: waliotekwa. Pua kubwa zikasahaulika. Nywele zikasahaulika. Yule Mwairishi na yule Mnazi wakasahaulika, nao kwangu ndio sehemu ya ushuhuda inayosema mengi zaidi kuhusu hofu ya mtu yule. Kilichobaki ni kichwa kikubwa kisicho na nywele, ngozi ya kijivu, macho meusi. Filamu ya Steven Spielberg ya 1977 ikaupeleka mfano wa sura hiyo dunia nzima, na jalada la kitabu cha Whitley Strieber cha 1987 likaikamilisha. Leo mtoto wa shule wa Mwanza au Mombasa, ukimpa kalamu na kumwambia achore kiumbe wa sayari nyingine, atakuchorea Wale wa Kijivu bila kusita.

Walikuwapo watu waliojaribu kuongea kwa uangalifu. J. Allen Hynek, mwanaastronomia, alikuwa mshauri wa jeshi la anga la Marekani katika uchunguzi wake, ule ulioishia 1969 ukiwa na ripoti 12,618, kati yake 701 zisizopata maelezo. Alianza akiwa mwenye shaka kabisa. Katika kitabu chake cha 1972 aliyapanga matukio ya karibu katika daraja tatu: kitu kilichoonekana karibu bila kuacha athari, kitu kilichoacha alama au athari, na kitu kilichoonekana pamoja na viumbe. Kuhusu daraja la tatu alikiri kwamba angependa kuliruka, lakini uaminifu wa kisayansi haukumruhusu, maana miongoni mwa mashahidi walikuwamo watu wa heshima zao ambao hawakuwa na faida yoyote ya kusema uongo. Mpango wake haukusema viumbe hao ni nani. Uliorodhesha kilichoripotiwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba filamu ile ya Spielberg ilipolichukua lile daraja la tatu na kulifanya jina lake, watu wakalielewa kuwa maana yake ni kukutana na wageni kutoka nyota nyingine.

Mwenzake Hynek, Mfaransa Jacques Vallée, alikwenda njia tofauti. Mwaka 1969 alichapisha kitabu kilicholinganisha ripoti za kisasa na masimulizi ya zamani ya Ulaya kuhusu viumbe wadogo wa misituni wanaochukua watu na kuwarudisha, muda ukiwa umepotea. Akauliza kama hatushughuliki na jambo moja lenye mavazi tofauti. Hapo tumepata nadharia nyingine: kwamba hawatoki mbali angani, bali wako papa hapa, katika upande wa ulimwengu usioonekana. Wengine wakaenda mbali zaidi na kuwaita mashetani.

Vallée alimtaja pia askofu mkuu mmoja, Agobard wa Lyon, aliyeishi karne ya tisa. Watu wa nchi yake waliamini kuwa zipo merikebu zinazosafiri mawinguni kutoka nchi iitwayo Magonia, na kwamba mabaharia wake hununua mazao yaliyoangushwa na mvua ya mawe. Agobard aliandika kwamba siku moja aliletewa watu wanne waliofungwa, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakidaiwa kuwa wamedondoka kutoka kwenye merikebu hizo, na umati ulitaka kuwapiga mawe. Aliwahoji, akabishana na umati, mwisho ukweli ukashinda. Hatujui watu wale wanne walikuwa akina nani. Yamkini walikuwa wasafiri tu. Lakini walikuwa wamepewa jina la watu wa Magonia, na jina hilo lingewaua.

Msikilizaji wa pwani hapa atakuwa ameshaanza kunijibu. Atasema haya yote tunayajua: ni majini. Sina nia ya kubishana na imani. Muislamu anaamini kuwapo kwa majini kwa sababu Qur'ani imewataja, hata sura nzima ikaitwa kwa jina lao, na imani hiyo inasimama penyewe bila kuhitaji sahani za angani. Ninachokitilia shaka ni ile haraka ya kuchukua tukio la mtu, usiku fulani, mahali fulani, na kulifunga kwa neno hilo. Wanazuoni makini wenyewe hawasemi kila kisichoeleweka ni jini. Mwaka 1995, Pemba na kisha Unguja, tuliona nguvu ya jina moja likipita kijiji hadi kijiji. Popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwavamia watu usiku usingizini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, na hofu ilikuwa na vyanzo vingi. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka hadi alfajiri. Mtu aliyeamka usiku amebanwa kifua, ameshindwa kunyanyua mkono, anahisi kuna kitu juu yake, alikuwa na jambo la kweli la kueleza. Hali hiyo madaktari wanaijua: akili inaamka kabla mwili haujaamka, na huwapata watu wa kila nchi. Ulaya ya zamani waliita hali hiyo kazi ya mchawi. Marekani ya miaka ya themanini wapo walioamka katika hali hiyohiyo wakasema wametekwa na Wale wa Kijivu. Mwili mmoja, hofu moja, majina matatu. Na katika kila mahali, ilikuwa vigumu kwa mgonjwa kupata tiba maadamu jirani zake walikuwa na jina tayari.

Nimelisubirisha tukio la Ruwa, nalo ndilo lililo karibu nasi zaidi. Ruwa ni mji mdogo nje ya Harare, Zimbabwe. Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 1994, asubuhi, wakati wa mapumziko, wanafunzi wa shule ya msingi ya Ariel walikuwa wakicheza uwanjani. Walimu walikuwa mkutanoni ndani. Mtu mzima pekee nje alikuwa mama mmoja mzazi aliyesimamia duka la vitafunio. Nje ya mpaka wa uwanja kulikuwa na pori la miti ya miiba na nyasi ndefu, ambamo watoto walikatazwa kuingia. Watoto wapatao 62, wenye umri wa miaka 6 hadi 12, walisema waliona kitu cha rangi ya fedha karibu na pori hilo, na kando yake mtu mfupi aliyevaa nguo nyeusi za kubana, mwenye macho makubwa. Baadhi walikimbilia kwenye duka la vitafunio wakilia. Yule mama hakutoka. Hakuwaamini, na hakutaka kuliacha duka bila mtu.

Siku mbili kabla, usiku wa tarehe 14, watu wengi wa kusini mwa Afrika walikuwa wameona mwanga mkubwa ukikatiza anga. Ulikuwa ni masalia ya roketi ya Urusi ya aina ya Zenit, iliyorusha satelaiti ya Cosmos 2290, yakirejea katika hewa ya dunia na kuungua. Kwa hiyo habari za vyombo vya angani zilikuwa zimeshatawala mazungumzo siku ile ya Ijumaa.

Siku chache baadaye akafika Cynthia Hind, mwandishi na mchunguzi wa mambo haya aliyeishi Zimbabwe. Aliomba watoto wachore walichokiona, nao wakachora. Hilo lilikuwa jema. Lakini aliwahoji kwa makundi, wengine wakisikia wenzao wanavyojibu, na hilo liliharibu mengi. Hind aliandika pia kwamba watoto wadogo walikuwa wakipiga kelele kuwa yule mtu anakuja kuwala, naye akaona hofu hiyo imetokana na tokoloshe, kiumbe mfupi wa masimulizi ya kusini mwa Afrika. Hapo kuna kitu kimoja kilichotokea uwanjani, na tayari kina majina mawili: kwa watoto wengine ni tokoloshe, kwa Hind ni mgeni kutoka angani. Ni yupi aliyekuwa sahihi? Wote wawili walileta kutoka nyumbani kile walichokijua. Tofauti ni kwamba jina la Hind lilichapishwa na kutangazwa duniani, na lile la watoto likawekwa kando kama ushirikina.

Baadaye mwaka huohuo akaja John Mack, profesa wa tiba ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya 1977. Nina heshima kwa Mack kwa jambo moja. Baada ya kuwasikiliza wagonjwa wengi waliosema wametekwa, alianza kukwepa neno hilo, akapendelea kuwaita watu waliopitia jambo, maana alitambua kuwa neno kutekwa limekwishahukumu. Chuo chake kiliunda kamati ya kumchunguza, na mwisho akabaki na kazi yake. Huko Ruwa alikaa na watoto kwa upole, akawaacha waseme. Lakini naye alikuwa na yake moyoni. Aliumizwa sana na uharibifu wa mazingira, na katika mahojiano yake ndipo baadhi ya watoto walipoeleza kwamba yule kiumbe aliwapa ujumbe kwa macho, kwamba wanadamu wanaiharibu dunia. Mtoto wa miaka kumi akiulizwa na mtu mzima mwenye huruma, ambaye kwa sauti na uso anaonyesha anachokingoja, hujitahidi kumpa. Mzazi yeyote anayenisikiliza anajua hivyo.

Watoto wale sasa ni watu wazima, wengi wamehama Zimbabwe. Baadhi wameongea tena katika filamu za miaka ya karibuni na wanashikilia yaleyale waliyoyasema. Mmoja, katika filamu ya mfululizo ya 2023, alisema yeye ndiye aliyeanzisha: alionyesha jiwe lililong'aa kwenye jua akawaambia wenzake ni chombo. Wengine wanamkatalia. Mimi sidhani kuwa watoto zaidi ya 60 walikaa wakatunga uongo mmoja. Sidhani pia kwamba maneno yao, kama yalivyotufikia, yanatosha kuthibitisha kiumbe kutoka nyota nyingine. Nyota iliyo karibu zaidi na jua letu iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga, na Voyager 1, moja ya vyombo vyetu vya kasi kubwa vilivyotoka nje, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali huo. Hilo halifanyi safari hiyo kuwa muhali kwa wengine. Linataka tu ushahidi wenye uzito unaolingana na dai. Kinachoniuma kuhusu Ruwa ni kwamba tulipata nafasi adimu, mashahidi wengi, mchana kweupe, mahali pamoja, na hakuna aliyewatenganisha siku ileile na kumwuliza kila mtoto peke yake, kabla watu wazima hawajaja na maneno yao.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, hasa walimu, wazazi, na viongozi wa vijiji. Mtoto au jirani akija anatweta na habari ya kitu alichokiona, msimcheke, wala msimpe jina. Mkalisheni peke yake, mpeni maji, mpeni karatasi. Mwulizeni: ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa umesimama wapi, umeelekea upande gani? Kilikuwa juu ya nini, mti, paa, au mlima? Kikilinganishwa na kidole chako ulichokinyosha, kilikuwa na ukubwa gani? Kilidumu kwa muda gani, kilitoa sauti, kilikwenda upande gani? Nani mwingine alikuwapo? Kisha nendeni kwa huyo mwingine, mumwulize maswali hayohayo bila kumwambia mwenzake amejibu nini. Mwanga ule wa tarehe 14 Septemba 1994 ulijulikana kuwa ni roketi kwa sababu watu walitaja saa na upande, na kumbukumbu za njia ya roketi zikalingana na waliyoyasema. Kama pangekuwapo neno la kuutaja tu, la mgeni au la jini, tungekuwa tunabishania mwanga huo hadi leo.